Risala ya wanajeshi wastaafu, wajane na familia za askari wa mkoa wa Kagera kwa mgeni rasmi, mkutano mkuu wa mwaka, Bukoba

Mheshimiwa mgeni rasmi,
Mshauri wa Mgambo wa Mkoa,
Viongozi wa dini, wazee wetu, kina mama wajane na ndugu wote mliohudhuria,

Shikamooni.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe binafsi kwa kuacha majukumu mengi ukaja kukaa nasi. Karibu sana. Tunaomba usichoke kutusikiliza, maana mwaka mzima tumeisubiri siku hii.

Mheshimiwa mgeni rasmi, historia yetu unaijua, hivyo tutaipitia haraka. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoani kwetu mwishoni mwa Oktoba 1978, yakateka ardhi yote hadi Mto Kagera, na Daraja la Kyaka likalipuliwa. Waliokwenda kumtoa ni askari wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) pamoja na wanamgambo waliotoka mashambani, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wengine walirudi, wengine wamelala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo. Umoja wetu umewakusanya waliobaki, waliostaafu miaka ya karibuni, na wajane. Wajane hao si wa vita vile tu. Walinda amani wetu walipouawa Semuliki, Kongo, Desemba 2017, tuliona wazi kwamba mwanamke wa askari anaweza kuvaa nguo nyeusi akiwa bado kijana.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tuna mfuko wa kufa na kuzikana ambao haujawahi kushindwa kutoa sanda na jeneza. Tumenunua hema na viti, ambavyo ndivyo ulivyokalia leo. Tumegawa miche ya kahawa kwa wajane, na kila tunapojaliwa tunakwenda Kaboya kufyeka nyasi na kufagia makaburi ya wenzetu. Yote hayo tumeyafanya kwa michango yetu wenyewe.

Mheshimiwa mgeni rasmi, sasa tunaomba tuseme lililotuleta.

Mstari wa pili yupo mama ambaye hatutamtaja jina. Amepakata kopo la biskuti. Ndani ya kopo hilo kuna cheti cha kifo cha mumewe, cheti cha ndoa, muhtasari wa kikao cha ukoo na fomu ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo. Ameyaweka kwenye kopo kwa sababu mchwa walishakula kona ya cheti cha mumewe cha kumaliza utumishi. Mama huyu amesafiri hadi Dar es Salaam mara tatu, zaidi ya kilometa 1,300 kwenda tu, kufuatilia haki ya marehemu. Mara ya kwanza aliambiwa muhtasari hauna muhuri wa mtendaji wa kijiji. Mara ya pili aliambiwa majina hayalingani: jeshini mumewe aliandikwa kwa R, kwenye cheti cha kifo akaandikwa kwa L. Mara ya tatu, akiwa na kiapo cha majina mkononi, alimkuta mhusika yuko likizo. Nauli ya kwanza aliuza mbuzi. Ya pili na ya tatu aliuza butura, kahawa ikiwa bado mtini, na kila mtu wa mkoa huu anajua mnunuzi wa butura anavyonyonya. Herufi moja imemgharimu mavuno ya misimu miwili.

Kosa kama lile lingeweza kugunduliwa hapa hapa Bukoba, asubuhi moja, kabla mtu hajakata tiketi. Kwa hiyo ombi letu ni moja: dawati la mkoa la pensheni na mirathi za wanajeshi. Tunaomba chumba kimoja, karani mmoja anayejua nyaraka zinazotakiwa, kompyuta, na mashine ya kutoa nakala. Tunaomba pia maofisa wanaohusika waje mkoani walau mara moja kila baada ya miezi mitatu, wakae na mafaili, wamsikilize mzee wa Misenyi na mjane wa Ngara bila hao kuvuka nusu ya nchi. Wanamgambo wa 1978 ambao hawana namba ya jeshi nao waandikishwe hapo, wangali hai wenzao wa kuwatolea ushahidi.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa heshima kubwa, ombi hili si jipya. Mgeni rasmi wa mwaka juzi alilipokea na kutuahidi chumba ndani ya miezi miwili. Tulimpigia makofi tukiwa tumesimama. Tulifurahi hata tukaenda Soko Kuu kununua kufuli. Mgeni rasmi wa mwaka jana alitueleza kwamba suala liko kwenye mchakato. Kufuli lile analo mhazini wetu, bado liko kwenye karatasi yake, na funguo zake mbili hazijawahi kufungua mlango wowote. Kati ya ahadi ya kwanza na leo tumezika wazee ambao mafaili yao hayakuisha.

Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita, Novemba 1978, alisema uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Kwa dawati hili, Mheshimiwa, sababu mmeisikia, na chumba kimoja hakiwezi kuushinda uwezo wa Serikali. Tunachoomba kwako ni nia, na nia hiyo tunaomba iwe na tarehe. Katibu ameandaa barua ya ombi yenye nafasi ya kuandika tarehe na kutia saini. Tutashukuru ukiijaza kabla ya chakula, mbele ya kina mama hawa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunaomba kuwasilisha.