Barua ya wazi kwa walimu wa Shule ya Jumapili: watoto na masomo ya Siku ya Mikaeli

Walimu wetu, na nyinyi wazazi mnaowaleta watoto mazoezini, Bwana Yesu asifiwe.

Siku ya Mikaeli, yule malaika mkuu, na Watoto inakaribia. Kalenda inasema 29 Septemba, ingawa sharika nyingi za KKKT, Kanisa letu la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, huiadhimisha Jumapili iliyo jirani. Siku hiyo ibada ni ya watoto: wanaimba, wanaomba, wanasoma masomo ya Biblia. Kuimba wanajua, sina neno. Barua hii ni ya masomo, kwa sababu mara nyingi washarika hurudi nyumbani wamemwona mtoto akisoma, lakini hawakusikia alichosoma. Halafu tunasema mtoto ana woga. Woga upo, ila kwa kawaida shida ilianzia kwenye karatasi tuliyompa, na siku tuliyompa.

Mtoto anayekabidhiwa somo Jumamosi jioni atasoma maneno tu. Mpeni wiki tatu. Wiki ya kwanza alisome nyumbani katika tafsiri ya Habari Njema, ambayo Kiswahili chake anakielewa upesi, kisha awasimulie kwa maneno yake nini kimetokea. Asiyeweza kusimulia hajawa tayari kusoma mbele za watu, hata kama hakwami popote. Wiki ya pili aingie katika Biblia ya Muungano, ile ya 1952 inayosomwa kanisani. Wiki ya tatu ni ya sauti na kipaza sauti. Dakika kumi kila siku zinatosha, na zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi.

Sasa karatasi, maana hapa ndipo penye kazi. Msimpe mtoto Biblia ya mfukoni asome humo. Maandishi ni madogo, ukurasa umegawanywa safu mbili, na mstari wa safu unakatika mahali ambapo sentensi haijakatika. Mtoto naye anapumua pale jicho linapogeuka. Tarakimu za mistari nazo zinamsimamisha. Angalieni Mathayo 18: mstari wa 2 unaishia Yesu amemweka mtoto katikati yao, na wa 3 unaanza na "akasema". Ni sentensi moja, lakini mtoto akiona tarakimu anatua kana kwamba habari imekwisha.

Lingine ni kwamba chapa za Muungano tulizozoea hazina alama za kufungua na kufunga usemi. Zinaweka mkato na herufi kubwa, basi: "Amin, nawaambia, Msipoongoka na kuwa kama vitoto". Mtu mzima anajua hapo Yesu ameanza kunena. Mtoto hajui, kwa hiyo anapita moja kwa moja, na msikilizaji anashindwa kujua nani anasema nini.

Basi chapeni somo upya kwa maandishi makubwa, saizi ya 18 au 20. Ondoeni tarakimu za mistari na vichwa vidogo vya habari, kila pumzi muipe mstari wake, na usemi wa mtu uanzie mstari mpya. Ufunuo 12:9 itakaa hivi:

Yule joka akatupwa,
yule mkubwa,
nyoka wa zamani,
aitwaye Ibilisi na Shetani,
audanganyaye ulimwengu wote;
akatupwa hata nchi,
na malaika zake wakatupwa pamoja naye.

Mtoto wa darasa la nne akipewa hivyo hakwami. Neno litakalomsumbua ni "audanganyaye", kwa sababu husoma "audanganya", anatulia, halafu "ye" inakuja peke yake. Mwonyesheni kuwa mkazo uko kwenye "nya", alitamke taratibu mara tano, kisha alirudishe ndani ya mstari wake. Hali ni hiyohiyo kwa "awashitakiye" ya mstari wa 10 na "waniaminio" ya Mathayo 18:6. "Msipoongoka" nayo iangalieni sana, wengi huisoma "msipoongea", na hapo fundisho zima limegeuka.

Kuna pia sauti ambazo watoto wengi hawazitumii nyumbani. "Ghadhabu" ya Ufunuo 12:12 inazo mbili ndani ya neno moja, na inatoka "gazabu". "Msidharau" ya Mathayo 18:10 inakuwa "msizarau". Kwa dh, ulimi uguse kati ya meno na koo litetemeke, na mtoto aweke kidole shingoni asikie mtetemo. Kwa walio na shida ya l na r, chagueni maneno matatu tu ya somo lake myafanyie kazi. Mkimsahihisha kila neno ataacha kusikiliza maana, atakuwa anakusikiliza wewe mwalimu. Na mtoto asichekwe kwa lafudhi ya kwao, hilo sitaki kulisikia katika usharika wowote.

Nitaje jambo litakalowaudhi baadhi yenu: sauti ya ngonjera. Tumewazoesha watoto kupandisha sauti mwisho wa kila mstari, kunyoosha mkono na kutikisa kichwa. Ngonjera ina mahali pake siku hiyohiyo, baada ya mahubiri au wakati wa sadaka, na mimi huifurahia. Somo ni kitu kingine. Mtoto asome kama anavyofikisha ujumbe aliotumwa na mama yake kwa jirani: anausema wote, anasikika, anaondoka. Kwa sababu hiyo pia sipendi masomo ya kukariri. Aliyekariri akipoteza neno moja amepoteza yote yaliyobaki, lakini anayesoma ana karatasi mbele yake.

Kasi ipimeni kwa saa. Mathayo 18:1-10 ikiisha chini ya dakika mbili, amekimbia. Msimwambie "polepole", kwani atavuta maneno. Mwambieni ahesabu moja, mbili kimyakimya kila penye nukta.

Jumamosi ingieni kanisani, mitambo ikiwa imewashwa. Mwalimu mmoja akae benchi la nyuma kabisa, kazi yake iwe moja: kusikia neno la mwisho la kila sentensi, maana ndilo linalomezwa. Kumbukeni kanisa tupu lina mwangwi, na likijaa watu sauti hufifia, kwa hiyo inayotosha Jumamosi itakuwa ndogo Jumapili. Kipaza sauti kikae vidole vinne kutoka mdomoni, chini kidogo ya midomo, ili b na p zisilipuke kwenye spika. Vijana wa mitambo wana tabia ya kuongeza sauti mtoto asiposikika, ndipo mluzi unapoanza. Kwanza msogezeni mtoto karibu. Asikipulize wala kukigonga, mmekwisha kukijaribu nyinyi.

Mimbari nyingi zilitengenezwa kwa urefu wa mchungaji, na dawa yetu imekuwa kreti la soda lililopinduliwa. Linayumba, na mtoto anayeyumba hawezi kupumua vizuri. Fundi seremala apige kibao kipana chenye miguu mifupi, mtoto asimame na miguu yote miwili. Karatasi ibandikwe kwenye jalada gumu, la sivyo mikono ikitetemeka utasikia mtetemo wake kanisa zima, na pangaboi likiwaka itapeperuka.

Kutangaza somo kufanyiwe mazoezi peke yake. Karatasini kumeandikwa "Ufunuo 12:7-12", na mtoto huweza kusoma "kumi na mbili, saba, kumi na mbili". Mwandikieni kwa maneno: "Somo linatoka katika Ufunuo wa Yohana, sura ya kumi na mbili, mstari wa saba hadi wa kumi na mbili." Akishatangaza, anyamaze mpaka watu wamalize kufunua Biblia zao.

Akikosea neno lisilobadilisha maana, aendelee. Likibadilisha maana, arudi mwanzo wa mstari wa karatasi yake bila kuomba samahani. Mwalimu akae mbele pembeni na nakala, na mtoto akikwama, mwalimu ahesabu tatu moyoni ndipo amnong'oneze neno moja tu. Washarika wote wasimsaidie kwa pamoja. Wazazi, kupiga picha kwa simu katikati ya njia kunamtoa mtoto kwenye mstari. Pigeni mkiwa mmekaa. Makofi na vigelegele vingoje masomo yote yaishe.

Mwenye kigugumizi asiachwe. Mpeni asome sambamba na mwenzake, kwa maana wengi wenye kigugumizi hulegea wanaposoma pamoja na mtu mwingine. Anayekunja uso akisogeza karatasi karibu na macho, mwambieni mzazi ampeleke kupimwa macho. Wadogo wasiojua kusoma wapewe mstari mmoja wauitikie kwa kumfuata mwalimu. Na kila somo liwe na msomaji wa akiba aliyefanya mazoezi yote, kwa sababu mafua hayana kalenda.

Karatasi mkishazitumia zihifadhiwe ofisini, mwakani zitafaa. Krismasi nayo ina Luka 2, yenye Kaisari Augusto na Kirenio liwali wa Shamu, kwa hiyo majina ya wasomaji nayataka mapema Novemba.

Ni mimi mzee wenu wa kanisa.