ECG Imetoka Safi, Mbona Mwataka Eko?

Lalamiko ni lile lile. Mgonjwa ametoka kemo Mombasa, daktari wake wa saratani amemwandikia eko ya moyo (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), naye akifika kwetu wapimaji wa eko anatuwekea karatasi ya ECG mezani: "Moyo nishapimwa, ni mzima. Hii nyingine ni kutafutiwa pesa tu."

ECG husoma umeme wa moyo na mpangilio wa mapigo. Nguvu za msuli haizisomi. Msuli waweza kuwa umeanza kudhoofika na ECG ikatoka safi.

Dawa zinazotuletea wagonjwa wengi ni mbili. Doksorubisini, ile dripu nyekundu, huharibu seli za msuli wa moyo, na madhara yake hujumlishwa dozi juu ya dozi. Aliyepewa miligramu 60 kwa kila mita mraba ya mwili, mara nne, ameshafika 240. Kuanzia 250 madaktari huzidisha uangalizi. Trastuzumabu ya saratani ya matiti ni afadhali kidogo: ikigundulika mapema, mara nyingi moyo hurudi. Ndiyo maana eko yake kwa kawaida huwa kila miezi 3 muda wote wa matibabu.

Ugomvi wenyewe huwa kwenye ripoti. EF ni asilimia ya damu inayosukumwa nje ya chumba kikubwa cha kushoto kwa kila pigo. Ikiwa chini ya 50 kuna shida, lakini EF huchelewa kushuka. Zinazoanza kuchoka ni nyuzi za ndani za msuli, zile zilizolala kwa urefu, na hizo hupimwa kwa GLS, namba ya asilimia inayoonyesha zinavyojikunja kwa urefu kila pigo. Tuseme kabla ya kemo EF ilikuwa 62 na GLS 20.5 (mashine huiandikia alama ya kutoa mbele). Baada ya kemo EF ni 57, GLS 17. Mtu apanda ngazi bila kuhema, na EF bado ni nzuri. Lakini GLS imepungua kwa asilimia 17 ya ilivyokuwa, na mpaka wa kuwa na wasiwasi ni kupungua kwa asilimia 15. Hapo daktari aweza kuanzisha dawa za kulinda moyo, na mara nyingi kemo ikaendelea. Bila ile 20.5 ya mwanzo, 17 peke yake ni namba ya kubishania.

Basi eko ya kuruka si hiyo ya kwanza, kabla ya dripu ya kwanza. Wengi huiruka ili kuokoa pesa, kisha miguu ikianza kuvimba hulipia eko, vipimo vya damu na kulazwa. Wengine hupima ya kwanza huku, ya pili kule kwenye nafuu. Programu za GLS hutofautiana baina ya makampuni ya mashine; ni sawa na kupima mchele leo kwa kibaba cha Bakari, kesho kwa cha Ali.

Kuhusu bei, eko ya haraka ambayo EF hukadiriwa kwa macho tutaizidi daima. Hapa unalala ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, nyaya za ECG zimeunganishwa. Unatoa pumzi na kuizuia, tunachukua picha tatu kutoka ncha ya moyo, fremu 40 hadi 80 kwa sekunde, kisha mipaka ya msuli hurekebishwa kwa mkono. Ncha ikikatwa kwenye picha, EF huonekana kubwa kuliko ilivyo. Presha lazima ipimwe papo hapo na iandikwe kwenye ripoti: ikiwa 180, GLS hushuka bila kemo kuhusika.

Huna haja ya kufunga, na dawa za presha meza kama kawaida. Akina mama, njooni na leso ya kujifunika. Waliopasuliwa titi la kushoto wasubiri kidonda kipone, maana kifaa hukandamizwa papo hapo. Mnaotoka Lamu, pigeni simu kabla ya kuvuka Mokowe, na mbebe ripoti za zamani pamoja na karatasi ya dozi. Namba zikishuka, usijisimamishie kemo. Hilo ni la daktari wako. Na dripu zikiisha msitutoroke: waliopewa doksorubisini hurudi kwa eko miezi 12 baada ya dozi ya mwisho, hata wakijiona wazima.