Yah: Malalamiko kuhusu safari ya wastaafu kwenda fukwe za Kisiwa cha Rubondo

Mwalimu mstaafu,
Nyegezi, Mwanza.
18 Agosti 2025

Meneja,
Kampuni ya Ziara za Boti,
Mwanza.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba yangu, ya mke wangu na ya walimu wastaafu wenzetu mliotupeleka Rubondo mwishoni mwa Julai. Simu nimepiga, ofisini kwenu nimefika, na kila mara jibu ni moja: "Mzee, meneja akirudi atakupigia." Hajapiga. Sasa naweka maneno kwenye karatasi ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Kwanza muelewe tulichonunua. Tulipokuwa bado kazini tuliwekeana ahadi kwamba wa mwisho kati yetu akitimiza miaka 60 na kukabidhi ofisi, tutakwenda wote pamoja kukaa kisiwani, kutembea ufukweni bila haraka, bila kengele ya kipindi. Tumeishi kando ya Ziwa Victoria maisha yetu yote, lakini wengi wetu tulikuwa hatujawahi kukanyaga Rubondo. Mimi nilifundisha jiografia. Nimeandika ubaoni mara nyingi kwamba kisiwa hicho ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na kwamba sokwe wake waliletwa kutoka kwenye bustani za wanyama za Ulaya kati ya 1966 na 1969, wakaachiwa msituni, wakajifunza upya kutafuta chakula na kujenga viota juu ya miti. Nilitaka nikaone mahali hapo kwa macho yangu.

Tangazo lenu la WhatsApp liliahidi hayo hayo: siku mbili na usiku mmoja, mchana mzima wa kwanza kwenye fukwe, na asubuhi ya pili matembezi marefu na askari wa hifadhi kuanzia alfajiri, kisha kuondoka saa 6 mchana. Mliandika "safari ya utulivu kwa wastaafu". Tukalipa shilingi 420,000 kila mmoja, kwa lipa namba yenu, fedha zote kabla ya safari kama mlivyotaka. Ni fedha iliyotoka kwenye mafao, na kila mstaafu anajua mafao yanasubiriwa na watu wangapi nyumbani. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hatujapewa hadi leo.

Tuliambiwa tuwe stendi ya Nyegezi saa 12 asubuhi. Tulikuwepo kabla ya muda. Gari lenu lilifika saa 4. Dereva alisema alikwama kwenye foleni ya kivuko Busisi akitokea Sengerema. Ndugu Meneja, sisi ni watu wa Mwanza. Daraja la Kigongo–Busisi lilizinduliwa 19 Juni mwaka huu, na siku ile ile gari lenu lilitupitisha juu yake, kilomita 3 za lami, kwa dakika chache. Hakuna aliyesubiri kivuko. Kama gari liliharibika, au dereva alilala, tungeambiwa ukweli tungevumilia. Tumelea watoto wa watu miaka yote hiyo, tunajua gari huharibika.

Kuchelewa huko hakukutupotezea muda tu. Anayefanya biashara ya boti ziwani hahitaji kuelezwa na mwalimu kwamba asubuhi maji huwa yametulia, na mchana nchi kavu ikishapata joto, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani na mawimbi yanaamka. Ndiyo maana ratiba yenu wenyewe ilisema boti ing'oe nanga kwenye mwalo wa Nkome saa 4 asubuhi. Tuliondoka Nkome saa 9 alasiri imeshapita. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Ukerewe, aliangalia maji akamwambia nahodha tulale Nkome tuvuke asubuhi. Nahodha alijibu kwamba maelekezo ya ofisi ni kuvuka siku hiyo hiyo.

Mliahidi gati na ngazi ya kupandia. Tulichokikuta ni boti imesimama mbali kidogo na nchi kavu, katikati ya matete, na vijana wa mwaloni wanaobeba watu mgongoni kwa malipo. Wenye nguvu walivua viatu wakaingia majini hadi mapajani. Dada yetu aliyestaafu akiwa mkuu wa shule, mwenye goti bovu, alibebwa mgongoni na kijana asiyemjua kama gunia la dagaa, mbele ya watu, na malipo ya kijana huyo akatoa mwenyewe. Alikaa kimya safari nzima. Maji yaliyosimama kwenye matete ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na minyoo ya ugonjwa huo huingia kwa kupenya ngozi. Hilo linafundishwa shule ya msingi. Walioingia majini siku ile sasa inabidi wakapime kwa gharama zao.

Nakuja kwenye jambo linaloninyima usingizi. Jaketi okozi hazikututosha. Watatu kati yetu walisafiri bila chochote. Aliyopewa mke wangu ilikuwa na kifungo kilichovunjika, kikafungwa kwa kipande cha uzi wa nyavu. Nilipoivuta kidogo begani, kitambaa kikachanika na sponji ikatoka nje, nyeusi, imelowa, inatoa maji ukiiminya. Sponji iliyojaa maji haielei. Nyingine mbili zilikuwa za watoto. Madumu ya petroli yaliwekwa chini ya miguu yetu, na nyuma yake baharia alikuwa anavuta sigara mpaka tulipomkemea.

Pia hapakuwa na orodha ya abiria. Niliomba majina yetu yaandikwe na karatasi moja ibaki Nkome. Baharia akasema, "Mzee, si mnajuana?"

Meli ya MV Bukoba ilizama 21 Mei 1996 ikiwa njiani kuja Mwanza, na mpaka leo idadi kamili ya waliokufa haijulikani, kwa sababu abiria wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka 20 Septemba 2018 karibu na gati la Ukara, kikichukua watu 228. Hakuna familia ya jiji hili ambayo haijui mtu aliyepotea katika moja ya ajali hizo. Tuliyekuwa naye botini alimpoteza kaka yake kwenye MV Bukoba, na yeye ni mmoja wa wale watatu walioachwa bila jaketi. Alipoomba, aliambiwa hivi, nanukuu: "Mama, hii boti haijawahi kuzama." Nilimvulia yangu. Nataka ujue, Ndugu Meneja, kwamba maneno hayo yametamkwa na mfanyakazi wako kwa mtu aliyekwenda kumsubiri ndugu yake bandarini asimwone tena. Huyo hadai fedha. Anachotaka ni kuombwa radhi, tena kwa kutembelewa nyumbani.

Tulifika kisiwani saa 12 jioni inakaribia, tumelowa. Hapo nawashukuru askari wa hifadhi kwa moyo wote. Walitupokea kwa chai, wakamsaidia dada yetu kushuka kwa heshima, na mmoja wao, alipoona nyuso zetu, akajitolea kututembeza ufukweni kwa muda mfupi uliobaki kabla ya giza, kwa kuwa usiku viboko hutoka majini kwenda kula majani na hakuna anayeruhusiwa kuzurura.

Muda huo mfupi ndio safari yetu yote, kwa hiyo acha niueleze. Mchanga ni mweupe, laini, na ukiukanyaga karibu na maji unakuta vipande vya kombe vya ziwani vimetapakaa. Msitu unashuka mpaka ukingoni. Mikuyu mikubwa inainama juu ya maji, na katikati yake mikindu. Furukombe, yule tai mla samaki, alikuwa juu ya tawi kavu, akarudisha kichwa nyuma akalia, mwingine akamjibu kutoka ng'ambo ya ghuba. Askari alituonyesha alama mchangani: mfereji mwembamba ulionyooka, na pande zote mbili nyayo zenye kucha. Ni mamba, alikuwa ameburuza mkia akirudi majini. Kidogo mbele palikuwa na nyayo za nzohe, yule swala wa kwenye matete, kwato zake ndefu zimeachana kama vidole viwili. Mwenzetu mmoja aliyefundisha sayansi miaka yote kwa michoro ya ubaoni alichuchumaa pale, akaweka kiganja chake karibu na ile alama kuipima, na hakutaka kuinuka.

Kisha muziki ukaanza. Mabaharia wenu waliwasha spika kubwa botini, sauti ya kumbi za harusi, ndani ya hifadhi ya taifa, kwenye kisiwa ambacho watu hulipa kwenda kusikia ndege. Furukombe aliruka. Askari aliwaendea akawaamuru wazime, wakazima wakinung'unika kwamba wageni wengine hupenda. Basi giza likaingia.

Tulilala tukijipa moyo kwamba asubuhi ni yetu. Ufukwe ule unatazama mashariki, jua linachomoza kutoka ziwani, na askari alikuwa ameshatupangia matembezi mpaka kwenye ghuba wanakoonekana fisi maji. Saa 1 asubuhi mabaharia walikuja kugonga milango wakisema boti inaondoka saa 2. Sababu? Boti ilikuwa imekodishwa kwa kundi lingine mchana huo. Yaani asubuhi yetu, tuliyoilipia, mliiuza mara ya pili. Tulipokataa tuliambiwa tutaachwa, na atakayebaki atatafuta usafiri wake. Wazee wenye dawa za presha zilizohesabiwa za siku mbili wangefanya nini? Tuliondoka bila hata kuagana vizuri na wale askari.

Niseme na kuhusu tangazo lenyewe, maana wengine watalisoma. Picha mliyoweka ina minazi na vijana wanaogelea. Ile ni pwani ya Bahari ya Hindi. Fukwe za Rubondo nimewaelezea zilivyo, na ni nzuri bila kuazima sura ya pwani. Tena haziogelewi ovyo: askari alitueleza wazi kwamba maji yale yana mamba na viboko. Mzazi akiiona picha hiyo akaenda na watoto wenye nguo za kuogelea, kitakachotokea mtakijibu nyinyi. Iondoeni leo.

Madai yetu ni haya. Mturudishie nusu ya fedha kila mmoja, yaani shilingi 210,000, kwa kuwa mchana wa kwanza na asubuhi ya pili hatukupata. Kama mnaona ni nyingi, nipo tayari kukaa nanyi mezani na ratiba yenu mkononi tuhesabu saa kwa saa. Dada yetu arudishiwe alichomlipa aliyembeba, na walioingia majini mlipie vipimo vyao vya kichocho. Mtupe risiti halali za malipo yote. Jaketi zile zilizooza zisipande tena boti yoyote. Nunueni mpya, za watu wazima, zinazozidi idadi ya viti, na kila safari iache orodha ya majina nchi kavu. Sharti hili la mwisho sitalipunguza hata mkinirudishia fedha zote, kwa sababu Jumamosi iliyopita nimeona bango lenu linawaita wanafunzi wa sekondari kwa safari ya Desemba.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Baada ya hapo nitaipeleka kwa mkono TASAC, wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, pamoja na picha za jaketi nilizopiga mimi mwenyewe botini, na nakala nyingine kwa Tume ya Ushindani kuhusu lile tangazo. Ile jaketi iliyochanika picha yake nimeiambatanisha hapa ili uione kabla hujamuuliza nahodha.

Napatikana kwa namba ile ile mnayonitumia matangazo.

Mteja wenu,
(Sahihi)
Mwalimu mstaafu, kwa niaba ya wasafiri wote

Viambatanisho: picha za jaketi okozi, nakala ya ratiba, ujumbe wa malipo ya lipa namba.