Barua ya wazi kwa Mkuu wa FAA: mkaguzi aniulize mimi, si daftari langu

Kwa Mkuu wa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani (FAA),
Washington, D.C.

Mheshimiwa,

Mimi ni mjenzi wa ndege wa ridhaa. Ndege yangu ilianza kama masanduku ya mabati yaliyokwisha kutobolewa, mbavu za bawa na mifuko ya ribiti (misumari ya kuunganishia mabati), na kazi nyingi niliifanyia katika karakana ya kiwanda kilichoniuzia vipande hivyo, fundi wao akinisimamia. Kila nikiitaja karakana hiyo, naulizwa: "Sasa umeijenga, au umejengewa?"

Swali ni halali. Ili ndege ihesabike kuwa ya kujiundia, kanuni yenu, kifungu cha 21.191(g), inataka sehemu kubwa yake iwe imetengenezwa na kuunganishwa na watu walioifanya kazi hiyo kwa kujifunza au kujiburudisha tu. Wenyewe tunaiita kanuni ya asilimia 51, ingawa namba hiyo haimo ndani ya kifungu. Mpaka huo ukiondolewa, mwenye fedha ataagiza ndege nzima na kuiita ya kujiundia, na kiwanda kitakuwa kimepata njia ya panya ya kukwepa gharama za kuthibitisha muundo wake. Hilo silitetei.

Tatizo langu ni kwamba mnahesabu sana mikono ya nani iligusa nini, kisha mnapita mbio kwenye kile kilichobaki kichwani mwa mjenzi.

Orodha ya ukaguzi inayotumika pamoja na waraka wenu AC 20-27G wa mwaka 2009 inaigawa kila kazi mafungu: ya mtengenezaji wa vipande, ya msaada wa kulipia, na ya mjenzi mwenyewe. Injini na rafadha zinaruhusiwa kununuliwa, na rangi haihesabiwi kabisa. Mwaka 2008 mlipendekeza pia kwamba mjenzi atengeneze mwenyewe angalau asilimia 20 na aunganishe angalau asilimia 20. Wajenzi tukapiga kelele, mkaliacha pendekezo hilo. Mlifanya vyema, maana kukata kwa mkasi bati ambalo mashine ingelikata sawasawa ni kujitafutia balaa tu.

Sasa tuseme kuna wajenzi wawili. Wa kwanza amejifungia bandani miaka minane, ameusoma mwongozo kombo, na tangi la mafuta ndani ya bawa amelifunga bila jicho la pili kulitazama. Wa pili ameingia karakana kama ile ya Glasair, kampuni ya vipande vya ndege za kujiundia, kule Arlington, jimbo la Washington, iliyojulikana kwa mpango wa wiki mbili: siku zikitimia, ndege inatembea ardhini kwa injini yake. Anayetiliwa shaka ni huyu wa pili.

Mimi karakanani siku ya kwanza sikuruhusiwa kuigusa ndege. Nilipewa vipande chakavu nijifunze kugonga ribiti. Ya kwanza ilipinda, fundi akaitoa kwa drili bila kusema neno. Ya pili niliiponda mno, nayo ikatoka. Nilipofika kwenye bawa lenyewe, sikio langu lilikuwa limekwisha kujua mlio wa ribiti iliyokaa vizuri. Tulipounganisha usukani, fundi alinitaka niuzungushe kushoto, nishuke, nikatazame kwa macho yangu ni kibapa kipi cha ukingo wa bawa kimeinuka, kisha nirudie kulia. Siku hiyo tulifanya hivyo mara sita, nami nikanuna. Sasa sipandi kabla ya kufanya hivyo, kwa sababu ndege ambayo usukani wake umeungwa kinyume hukupa sekunde chache tu za kugundua kosa.

Nilipoomba cheti cha fundi, kile cha kifungu cha 65.104 kinachomruhusu mjenzi mkuu kuifanyia ndege yake ukaguzi wa kila mwaka, mkaguzi alifunua daftari langu la picha, akahesabu kurasa, akatia saini. Swali hakuuliza. Na kifungu hichohicho kinasema mwombaji aonyeshe kwamba ana ujuzi wa kutambua kama ndege iko salama kuruka! Picha nzuri hata tapeli anazo.

Ninachoomba hakihitaji kanuni mpya. Mwagizeni mkaguzi asimame na mwombaji kando ya ndege, vifuniko vikiwa wazi. Amuulize boliti hii inashika nini, mafuta yanapita wapi kutoka tangini hadi kwenye injini, ufa utaanzia wapi. Aliyejengewa hatamaliza nusu saa.

Jambo la pili ni dogo ila linauma. Katika fomu 8130-12, ile ya kutamka kwamba ndege ni ya kujiundia, tunatakiwa kutaja msaada wa kulipia, na wapo wanaoumeza kwa hofu kwamba kila saa ya fundi itawakata asilimia. Andikeni wazi, kwa lugha ya mtu wa kawaida, wapi kufundishwa kunaishia na wapi kufanyiwa kunaanzia. Fundi akinigongea ribiti moja ili nione, hiyo moja ni yake. Mia mbili zinazofuata ni zangu.

Mkitaka kumjaribu mtu, anzeni na mimi. Cheti ninacho tayari, lakini vifuniko nitavifungua na bisibisi nitaishika mwenyewe.

Wako,
Mjenzi wa ridhaa