Risala ya Chama cha Falaki kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu: asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Karibu Mombasa, karibu shuleni kwetu.

Mwaka huu chama chetu kimejifunza juu ya mawingu meusi ya angani. Usiku wa mwezi wa Mei, ukitazama kusini, juu ya Likoni, utauona Msalaba wa Kusini. Ubavuni mwake pana doa jeusi liitwalo Gunia la Makaa. Hapo si patupu. Ni wingu la gesi na vumbi laini mno, lililo umbali wa miaka 600 ya nuru hivi, nalo huziba mwanga wa nyota zilizo nyuma yake. Nyota mbili angavu kuliko zote za Msalaba ziko mbele ya wingu, ndiyo maana hazizibwi.

Zamani wataalamu walidhani madoa kama hilo ni matundu ya mbingu. Edward Emerson Barnard wa Marekani, mtoto wa maskini aliyeanza kazi katika studio ya picha akiwa na miaka 9, ndiye aliyeyapiga picha kwa subira ya miaka mingi, na mwaka 1919 akachapisha orodha ya madoa 182. Habari zake zimetutia moyo sana.

Kubwa zaidi ni hili: nyota huzaliwa humo humo gizani. Vumbi hukinga mwanga wa nyota za nje, kiini cha wingu hupoa hadi karibu nyuzi 260 chini ya sifuri, na gesi iliyopoa hivyo hulemewa na uzito wake yenyewe. Hujibana, hupata joto, ikawa nyota. Karibu na Antares, ile nyota nyekundu ya kundi la Nge, nyota changa zimejaa vumbini. Macho hayazioni, darubini za infraredi, yaani zinazonasa miali ya joto isiyoonekana kwa macho, huziona.

Pwani yetu nayo ina historia katika elimu hii. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti Uhuru ilirushwa kutoka baharini karibu na Malindi, ya kwanza duniani kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei za angani.

Mgeni wa heshima, taa za mji na za bandari zimetufichia Gunia la Makaa. Wengi wetu tunalijua kwa picha tu. Tunakuomba utusaidie kupata darubini ya mkononi, na basi la kutufikisha Msambweni usiku usio na mwezi. Safari hiyo ikifanikiwa, tafadhali twende sote.

Ahsante.

Ni sisi wanachama wa Chama cha Falaki.