Kupatwa kwa jua: asilimia 99 haitoshi

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako niwajibu wale wanaosema kwamba hakuna haja ya kufunga safari kwenda kutazama kupatwa kwa jua ikiwa pale mtu alipo litafunikwa kwa asilimia 95 au 99. Hoja hiyo inasikika kuwa ya busara, na kwa sababu hiyo imewanyima watu wengi jambo ambalo wangelikumbuka maisha yao yote.

Kile kipande chembamba cha jua kinachobaki wazi ndicho kinachoamua kila kitu. Mwanga wa jua unauzidi ule wa mwezi mpevu kwa takriban mara 400,000, kwa hiyo hata asilimia 1 iliyosalia inang'aa maelfu ya mara kuliko mbalamwezi, nayo inatosha kuificha kabisa korona, yaani lile tabaka la nje la gesi za jua. Aliye nje ya ukanda wa kivuli, yaani eneo ambako mwezi hulifunika jua lote, hata kwa kilomita chache tu, ataona mchana umefifia na, akivaa miwani maalumu, jua lenye umbo la hilali. Aliye ndani ya ukanda huo ataona kivuli cha mwezi kikimjia kutoka upeo wa macho, baridi ikiingia ghafla, Zuhura iking'aa mchana, nuru ya mwisho ikikatika vipande vipande inapopenya kwenye mabonde ya ukingo wa mwezi, kisha duara jeusi lililozungukwa na taji jeupe ambalo hakuna picha iliyowahi kulitendea haki. Nimeyatazama yote mawili, na ninasema bila kutia chumvi kwamba hayo si viwango viwili vya tukio moja, bali ni matukio mawili tofauti.

Kivuli hicho kizito ni chembamba. Upana wake kwenye uso wa dunia mara nyingi ni kati ya kilomita 100 na 260 hivi, na mahali pamoja hupitiwa nacho kwa wastani mara moja tu katika karne tatu au nne. Anayeamua kukisubiri nyumbani kwake, basi, anawaachia vitukuu vya vitukuu vyake.

Tazama njia ya kivuli cha tarehe 12 Agosti 2026. Inapita Greenland, Iceland na kaskazini mwa Hispania, lakini inaiacha Madrid nje kwa umbali mdogo sana, na Barcelona vilevile. Wakazi wa miji hiyo miwili wakidanganywa na takwimu ya asilimia 99 watabaki nyumbani, ilhali safari fupi ya gari au treni ingewafikisha ndani. Mwaka unaofuata, tarehe 2 Agosti 2027, kivuli kitavuka kusini mwa Hispania, Afrika Kaskazini yote kutoka Moroko hadi Misri, kisha Saudia, Yemeni na ncha ya Somalia. Karibu na Luxor giza litadumu zaidi ya dakika 6, muda mrefu ajabu kwa tukio la aina hii.

Anayesafiri asihangaike mno na sekunde. Mawingu ni adui mkubwa kuliko ufupi wa muda: Julai 2009 kivuli kilichodumu kuliko vyote vya karne hii kilipita Shanghai, na waliokusanyika huko wakanyeshewa mvua. Heri dakika 2 chini ya anga safi, na heri zaidi kuwa na gari la kukuwezesha kuhama asubuhi ile ile utabiri ukibadilika. Aidha, alale huko huko baada ya tukio, kwa maana Marekani mwaka 2017 barabara ziliziba kwa saa nyingi pale kila mtu alipoondoka kwa wakati mmoja.

Kuhusu macho, vyombo vya habari hutisha bila kufafanua. Miwani maalumu ni ya lazima wakati wote ambapo sehemu yoyote ya jua, hata ndogo namna gani, iko wazi. Lakini jua likishafunikwa lote, miwani ivuliwe, kwani kupitia kwayo korona haionekani hata kidogo. Na nuru ya kwanza ikichomoza, irudishwe papo hapo. Inasikitisha mtu kuvuka bara zima kisha akaitazama miwani badala ya mbingu.

Kwa hiyo, Mhariri, ninaloliomba gazeti lako ni ramani yenye mipaka ya ukanda na muda wa giza kwa kila mji uliomo, mahali pa orodha ya asilimia. Nayo itoke miezi mingi kabla, wakati msomaji bado anaweza kuomba likizo na viza.

Msomaji wako