Mistari Myekundu Kwenye Kihariri cha Linux: Ni Kitu Gani Kilichokosekana?

Wiki haipiti hapa dukani kwetu Ngamiani, Tanga, bila mwanafunzi au mtunzi wa programu kuingia na kompyuta mkononi, akieleza kwamba ameweka Linux, ameweka kihariri cha msimbo (programu ya kuandikia programu nyingine), ameongeza hata programu-jalizi, yaani kiongezo, ya lugha anayojifunza, na bado kila anachoandika kinapigiwa mstari mwekundu. Wengi huwa wamekwisha kufuta mfumo mzima na kuuweka upya mara mbili au tatu kabla ya kutufikia, na bando la mwezi limekwisha kwa kupakua kitu kilekile. Inatuuma kuona hivyo, kwa sababu mara nyingi mfumo wenyewe haukuwa na kosa lolote.

Kihariri, kiwe Visual Studio Code, VSCodium au Kate, hakibebi lugha ya programu ndani yake. Kinafungua faili, kinapaka maneno rangi na kuhifadhi ulichoandika. Lugha yenyewe, yaani kompaila au kifasiri chake kinachoufanya msimbo uendeshwe na kompyuta, ni kitu cha pili, nacho hukaa ndani ya Linux. Katikati yao kuna kitu cha tatu, seva ya lugha, ambayo husoma msimbo wako kadiri unavyoandika na kukiarifu kihariri mahali penye kosa. Zamani kila kihariri kililazimika kutengenezewa ujuzi wa kila lugha peke yake, mpaka mwaka 2016 Microsoft ilipotangaza utaratibu wa pamoja wa mazungumzo baina ya vihariri na seva hizo. Tangu hapo seva moja, kama clangd ya C na C++ au gopls ya Go, inahudumia vihariri vingi. Programu-jalizi unayoibofya kwa kawaida hushughulika na hicho kitu cha tatu tu, na hapo ndipo watu wengi wanapokwama, kwa kudhani kwamba wamekwisha kupata lugha.

Tuchukue C. Mwanafunzi anaandika mstari wa kwanza, `#include <stdio.h>`, na papo hapo unapigiwa wekundu. Kwenye Ubuntu au Debian, ambazo ni aina za Linux, dawa yake ni kufungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, kuandika `sudo apt update`, kisha `sudo apt install build-essential`. Kifurushi hicho kinaleta gcc, g++, make pamoja na faili za maktaba ya C ambazo kihariri kilikuwa kinazitafuta bila kuziona. Ukifunga kihariri na kukifungua tena, wekundu huondoka. Anayetumia VSCodium ajue kwamba duka lake la programu-jalizi si lile la Microsoft, kwa hiyo baadhi ya zile anazoziona kwenye video za mafunzo hatazikuta; kwa C na C++, clangd inatosha kabisa.

Tatizo gumu zaidi ni lile ambalo kila kitu kimewekwa na bado hakifanyi kazi. Kijana mmoja alitujia kutoka Pangani, akitengeneza programu ya hesabu za duka kwa lugha ya Go. Tulipofungua terminali ya kawaida na kuandika `go version`, jibu lilikuja mara moja. Tulipoandika maneno yayo hayo kwenye terminali iliyo ndani ya kihariri, tuliambiwa amri hiyo haipo. Kompyuta moja, amri moja, majibu mawili. Sababu ni kwamba kihariri chake kiliwekwa kwa njia ya Flatpak, ambayo huifungia kila programu katika chumba chake, na kutoka chumbani humo hakikuweza kuiona Go iliyowekwa kwa apt, yaani kwenye mfumo wenyewe. Tuliondoa toleo hilo, tukaweka la faili ya .deb, ambayo ni kifurushi cha kawaida cha Debian na Ubuntu, tukamhamishia na mipangilio yake iliyokuwa imekaa kwenye folda iliyofichwa ya `~/.var/app`, kwani asiyeijua folda hiyo hudhani mipangilio yake imepotea. Faili zake za kazi hazikuguswa. Toleo la Visual Studio Code la Snap, njia nyingine ya kuweka programu, halifungiwi namna hiyo, na mwenye sababu ya kubaki na Flatpak anaweza kuongezewa Go iliyoandaliwa kwa ajili ya chumba hicho.

Kwa Python neno letu ni moja. Tangu Debian 12 na Ubuntu 23.04, pip, programu ya kuweka maktaba za Python, hukataa kuziweka moja kwa moja kwenye mfumo na hutoa ujumbe wenye maneno `externally-managed-environment`. Tafadhali usilazimishe, maana Python hiyo hutumiwa na mfumo wenyewe, na ukiivuruga unaweza kuharibu mambo mengine. Weka `python3-venv`, tengeneza mazingira ya mradi wako, yaani folda yenye Python na maktaba zake yenyewe, kwa `python3 -m venv .venv`, kisha ukiambie kihariri kitumie Python iliyo ndani ya folda hiyo. Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi.

Ukishindwa, tuletee kompyuta kama ilivyo, bila kufuta kitu, pamoja na chaja na mradi uliokukwamisha. Tunaitazama kwanza na kukutajia gharama kabla ya kugusa chochote. Anayetoka Muheza au Pangani akiwahi asubuhi, kwa kawaida hurudi nayo jioni. Waja leo waondoka leo, kama tusemavyo Tanga. Hatukukabidhi kompyuta mpaka wewe mwenyewe ukae kitini, uandike programu fupi na kuiendesha mbele yetu, na unaondoka na karatasi yenye amri zote tulizotumia.